Jozi Ambayo Haikupimwa

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu na kilima kilikuwa kimeshaanza kutuvuta. Theluji ilikuwa ya asubuhi, ngumu bado, inasagika chini ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea, kwa sauti ya mtu anayetafuna karanga. Tuliinama sawasawa, magoti yamekunjwa, videvu karibu na vifua, yeye kushoto na mimi kulia, na baridi ya Machi ikituchapa mashavu bila upendeleo. Tulipoufikia msonobari uliofungwa kitambaa chekundu, Torleiv akasema neno lake.

"Achia!"

Nikaachia. Yeye naye akaachia. Kuanzia hapo kila mtu na skii zake, hakuna kupiga hatua, hakuna kujisukuma, unabaki umeinama kama ulivyo na kuiachia theluji iamue. Iliamua upesi. Nilimwona Torleiv akibaki nyuma kwenye pembe ya jicho langu, kwanza bega, halafu kofia, halafu sikumwona tena. Nilipofika tambarare na skii zangu zikasimama zenyewe, niligeuka nikamkuta amesimama mbali nyuma yangu, anajitazama miguuni.

Hilo peke yake halikuwa jambo. Pengine skii zangu zilikuwa bora kuliko zake. Ndiyo maana tulipanda tena kilima, tukabadilishana, yeye akavaa zangu nami nikavaa zake, tukashikana mikono na kushuka upya. Kama skii ndizo zilizonipeleka mbele, safari hii zingempeleka yeye. Msonobari ukafika, akasema "Achia," nikaachia, na nikamtoka vilevile.

Dagrun alitusubiri chini, mikono kiunoni. Ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti la skii, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Nini hii?" aliuliza. "Gunnvor, umejisukuma?"

"Nijisukume na nini? Fimbo ziko kule juu."

"Torleiv, umefunga breki?"

"Mimi?" alisema Torleiv, na kwa Torleiv hiyo ilikuwa hotuba.

Tulirudia kwa jozi nyingine, na nyingine tena. Nivae nini, avae nini, mimi mbele yeye nyuma. Kufikia saa ya chakula Dagrun alikuwa ameacha kuuliza, na Dagrun akinyamaza ujue kuna kazi.

Kupima skii mimi na Torleiv tulikuwa tumekufanya miaka mingi. Kila Machi viwanda vilimpelekea Dagrun skii zao mpya, zile zitakazouzwa majira ya baridi yanayofuata, naye akayafunika majina yote kwa utepe mweusi na kuziandika namba kwa chaki, tusijue ipi ya nani. Torleiv alizipaka nta zote yeye mwenyewe, nta ileile, kwa mkono uleule, maana ukizidisha upande mmoja umempa mtu ushindi wa bure. Kisha tulizishusha kilima cha Lauvåsen, jozi kwa jozi. Kushikana mikono hakukuwa mapenzi. Kulikuwa njia ya kuhakikisha kwamba hadi kwenye kitambaa chekundu wote wawili wana mwendo mmoja. Msiposhikana, mmoja ataanza mapema kidogo na kipimo kimeharibika. Ndivyo walivyopima waliotutangulia, na sisi hatukuona sababu ya kujifanya wajuzi zaidi.

Oktoba gazeti lilitoka, na watu walilisoma mezani kwa kidole kabla ya kwenda dukani. Kwetu mtu hanunui skii kama anavyonunua kofia. Ananunua kitu cha kumfikisha shuleni, kazini, kwa shemeji yake upande wa pili wa mlima, na ukimdanganya atakukumbuka kila kilima. Kwa hiyo tulipima kwa haki, na wapimaji wawili wakitaka haki wanahitaji kitu kimoja kikubwa: uzito sawa. Mzito huteleza mbali zaidi, na hapo hapana ubishi.

Dagrun alipokuwa anatafuta watu mwanzoni, alikuwa ameshampata Torleiv. Akaingia duka la ushirika siku ya Ijumaa, foleni ndefu, akauliza kwa ile sauti yake nani ana uzito kama wa Torleiv wa Brenna. Wanaume wakakohoa. Wanawake wakasoma makopo. Mimi, mwalimu wa hesabu wa shule ya bondeni, mwanamke wa mifupa mizito niliyekwisha kuzoea kuitwa shupavu pale wengine wanapoitwa warembo, nikautaja uzito wangu mbele ya foleni nzima. Ulikuwa uleule.

"Haya," akasema Oddny, msimamizi wa duka, "mmeshapatana. Bado mchungaji tu."

Tangu siku hiyo bonde zima lilituita wachumba wa Lauvåsen. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini kwetu lilikuwa linakuja kwa miguu tena kwa kuchechemea. Kama kuna mwanamke aliyeshikwa mkono na mwanaume mmoja mara nyingi kuliko mimi bila kuambiwa neno, ajitokeze nimpe kahawa. Nilimpenda. Naliandika wazi kwa sababu wakati ule sikulisema popote. Nilipenda anavyozifuta skii kwa kitambaa kikavu, taratibu, hata zile mbaya, zisijisikie vibaya. Nilipenda kwamba kila mara kabla ya kushuka alivua glavu ya mkono wa kulia na kuitia mfukoni, kwa madai kwamba glavu kwa glavu zinateleza. Mimi nikavua ya kushoto. Ngozi kwa ngozi, kwenye baridi ile. Dagrun hakuwahi kuliagiza hilo la glavu na hakuwahi kulikataza, na mimi niliishi mwaka mzima nikiisubiri wiki ile moja ya Machi.

Neno la kuachia lilikuwa lake. Tulipatana hivyo siku ya kwanza, kwamba mmoja tu ndiye aseme, tusije tukasema kwa kupishana. Sikuwahi kulisema mimi hata mara moja.

Torleiv alikuwa ameishi maisha yake yote Brenna, shamba lililo chini ya kilima, na mama yake, bibi Petra, na kondoo. Oktoba iliyotangulia bibi Petra alifariki. Kanisani nilimpa Torleiv mkono wa pole kama kila mtu, nimevaa glavu.

Basi ile Jumatatu ya mwanzo, siku nilipomtoka Torleiv kwa kila jozi, tuliingia kwenye kibanda cha chini ya kilima kula. Torleiv alikuwa amekuja na chuma cha vafla cha mama yake, kile cha kuweka juu ya jiko, kinachotoa chapati laini zenye umbo la mioyo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona nacho. Akamimina unga, akafunika, akasubiri ameukunja uso kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Ya kwanza iliungua. Ya pili iliungua upande mmoja. Ya tatu akaiweka kwenye sahani, akaipaka jamu, akakata kipande cha jibini ya kahawia juu yake na kunisogezea.

Wakati huohuo Dagrun akaongea.

"Skii hazisemi uongo," alisema, "kwa hiyo wanaosema uongo ni nyinyi. Hamko sawa tena. Ama mmoja kapungua, ama mmoja kaongezeka."

Jiko lilinguruma. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Siwezi kuandika upuuzi. Mtu atauza ndama wake anunue skii kwa maneno yangu. Nawapa mpaka Alhamisi. Mambo yakiwa bado ni haya, nawapigia simu mapacha wa Trondheim."

Mapacha hao tulikuwa tunawasikia. Ndugu wawili waliozaliwa pamoja, waliokula sahani moja tangu utotoni, wembamba na wenye nguvu, hata mizani ikiwapima haijui imembeba yupi. Kila mhariri wa skii nchini aliwaota.

Mmoja kaongezeka. Nilijua ni nani. Krismasi ile nilikula mbavu za nguruwe kwa dada yangu kana kwamba nguruwe alikuwa na deni na mimi, na Januari yote chumba cha walimu hakikukosa keki. Kifungo cha sketi yangu kilikuwa kimeruka darasani mbele ya darasa la sita. Mimi ndiye niliyeharibu kipimo. Na kipimo kikiharibika wanakuja mapacha, na wakija mapacha, nitaushika wapi tena ule mkono? Nitamwendea mtu mlangoni kwake nimwambie nini?

Nikaisukuma sahani.

"Asante, Torleiv. Sina njaa."

Aliitazama vafla, kisha chuma. Alisema, "Sawa," akaikunja ile vafla ndani ya karatasi na kuitia mfukoni. Nilidhani ameudhika kidogo tu.

Kuanzia hapo nilifunga. Sikufunga kwa dini, nilifunga kwa hesabu. Kahawa nyeusi asubuhi, kahawa nyeusi mchana, jioni kabichi iliyochemshwa bila hata chumvi. Nilikaa kwenye mvuke wa sauna mpaka nikaanza kuona nyota mchana. Jumanne Dagrun alikuwa mjini kuleta skii zilizobaki, Jumatano upepo ulivuma mpaka hakuna aliyeweza kusimama Lauvåsen, nami nikaushukuru upepo kwa kuniongezea muda wa kukonda. Nilikwenda dukani kununua kabichi nyingine.

"Kabichi tena?" Oddny akaipindua mkononi. "Umeanza kufuga sungura?"

"Nasafisha damu."

"Safisha. Mwenzako naye ana yake. Jana kaja hapa kanunua chubwi zote."

"Chubwi?"

"Za ndoano, za kuzamishia. Risasi tupu! Sanduku zima. Nikamwambia, Torleiv, unakwenda kuvua samaki au kuopoa trekta? Unajua kanijibu nini?"

"Nini?"

"Samaki."

Nilitoka na kabichi yangu kwapani nikiwaza kwamba Torleiv anajiandaa kwenda kuvua kwenye ziwa lililoganda siku za Pasaka. Peke yake, bila shaka. Huyo mwenzangu tayari alikuwa na mipango ya baada ya Lauvåsen, na mimi ninajikondesha. Njaa ilinifanya nimwonee wivu hata samaki.

Alhamisi mbingu zilikuwa safi na theluji ngumu. Nilipanda kilima nikijivuta kwa fimbo. Torleiv alipanda nyuma yangu, polepole kuliko kawaida yake, akihema, na kila hatua nilisikia kitu kikigongana mwilini mwake. Funguo, nikasema moyoni. Tukavaa skii. Akavua glavu, nikavua glavu. Mkono wake ulikuwa na jasho, na mifupa yake niliihisi mmoja mmoja, na nikadhani ni njaa yangu inayonifanya nihisi kila kitu zaidi.

"Achia!"

Alinipita kama gari la posta linavyoipita nyumba isiyo na barua. Hata sikuwa nimekaa vizuri kwenye magoti, alikuwa ameshafika tambarare, ameshapita pale Dagrun alipo, na bado anateleza. Tukapanda, tukabadilishana skii. Akanipita tena. Tukajaribu jozi nyingine. Hivyohivyo.

Dagrun aliketi chini kwenye theluji.

"Jumatatu huyu, leo yule," alisema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Dagrun ilitutisha kuliko ile kubwa. Halafu akainuka. "Twendeni zizini. Wote wawili."

Kwenye zizi la Brenna kulikuwa na mizani ya kupimia wanakondoo kabla ya kuwauza, jukwaa la mbao lenye kingo na mshale mkubwa ukutani. Kondoo walisogea kutazama. Dagrun alinisukuma juu yake mimi kwanza. Mshale ukapanda, ukatetemeka, ukakaa.

"Gunnvor," alisema. "Mbona umepungua?"

Nilishuka nikauegemea ukuta kwa namna ambayo nilitumaini inaonekana ya kawaida.

"Torleiv, panda."

Torleiv hakusogea.

"Torleiv."

Akapanda. Jukwaa likalia, na yeye akalia nalo, klingi, klingi, kutoka kwenye kila mfuko. Mshale ulikimbia mpaka kwenye uzito ambao sisi tulizoea kuuona kwa kondoo dume wawili. Dagrun aliutazama, akamtazama Torleiv, akautazama tena.

"Wewe umemeza nini?"

Torleiv akaanza kuzitoa. Alizitoa bila haraka, kwa heshima zote, akizipanga juu ya kifuniko cha sanduku la chakula cha kondoo. Chubwi za mfuko wa koti. Za mfuko wa suruali. Za ndani ya soksi, hizo aliinama kuzitafuta. Ya mwisho aliitoa kwenye kofia. Alipomaliza akapanda tena bila kuambiwa, na mshale haukufika hata pale nilipofika mimi.

Hapo ndipo nilipomwona. Wiki nzima nilikuwa nimemtazama mkono nikasahau kumtazama mtu. Suti yake ya buluu, ileile iliyombana mwaka uliopita, ilikuwa imemlegea mabegani. Shingo ilikuwa imebaki kamba. Niliona aibu na huruma, vyote pamoja, na nisingeweza kukwambia kipi kilitangulia.

"Unakula nini, Torleiv?" Dagrun aliuliza.

"Vibua."

"Vibua gani?"

"Vya kopo. Vya nyanya."

"Na nini?"

Torleiv alifikiri kwa uaminifu. "Na mkate."

"Tangu lini?"

"Tangu mama."

Kondoo mmoja alipiga chafya. Dagrun alivua miwani akaifuta ingawa haikuwa na ukungu.

"Sasa si ungesema, bwana? Ungesema tu, Dagrun, nimekonda. Mimi ni nani, nikuume?"

"Ungewaita mapacha."

"Na mapacha wana ubaya gani?"

Torleiv aliwatazama kondoo mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wao angemsaidia. Hakuna aliyejitolea.

"Hawana ubaya," alisema mwishowe. "Ila wao watashikana wenyewe kwa wenyewe."

Sikumbuki kuamua kukaa. Nakumbuka tu kwamba niliketi juu ya majani makavu, ghafla, na Dagrun akanishika bega.

"Na wewe una nini?"

"Sijala tangu Jumatatu," nikasema. "Nilidhani ni mimi niliyenenepa. Nilikuwa najipunguza nilingane naye."

Torleiv aligeuka. Miaka yote ile sijawahi kumwona akigeuka kwa haraka namna hiyo.

"Hujala? Wewe?"

"Kabichi tu."

"Kumbe ile vafla… Mimi nilijua imekuchukiza. Nilikichukua chuma nikaenda kukificha ghalani."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na sisi tulikuwa tumekohoa ndani ya skafu miaka nenda rudi tukidhani hakuna anayesikia. Watu wa bonde lile ndivyo tulivyo. Mtu wetu yu radhi abebe risasi kutwa nzima, yu radhi afe njaa amesimama wima, kuliko kutamka sentensi moja yenye moyo ndani yake. Dagrun, ambaye alizaliwa pwani ambako watu husema ovyo, alitutazama kwa zamu, halafu akacheka mpaka kondoo wakarudi nyuma.

"Ee Mungu wangu! Mmoja anajaza mifuko, mwingine anafunga swaumu! Si mngesema tu? Tungeweka mkoba wa mawe mgongoni kwa aliyepungua, tukamaliza Jumatatu saa nne!"

Hilo la mkoba hatukuwa tumelifikiria, na kwa mwalimu wa hesabu lilikuwa jambo la aibu.

"Kuleni kwanza," aliamuru. "Halafu nawapima kama wanakondoo, tunapima upya kila jozi, tangu ya kwanza. Hakuna nitakachoandika katika haya ya leo."

Torleiv alikwenda ghalani, akarudi na kile chuma. Tuliingia jikoni kwa bibi Petra, mimi nikaketi mahali pake bila kujua kuwa ni pake, na Torleiv akaniwekea sahani hapohapo. Vafla ya kwanza iliungua. Nikaila. Ya pili iliungua upande mmoja, nikaila pande zote. Nilikula mpaka unga ukaisha, na kila nikimaliza moja yeye aliketi akala moja, kwa sababu nilikataa kuendelea kabla hajala. Dagrun alisimama dirishani na kikombe chake cha kahawa, ametupa mgongo muda wote, na hiyo ilikuwa fadhila kubwa kutoka kwa mtu mwenye udadisi kama wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyotakiwa. Torleiv alivaa mkoba mdogo wenye chubwi, mshale ukasimama sawa kwa wote wawili, na kilima kikarudiwa na akili zake. Skii iliyonipeleka mbele ilimpeleka mbele yeye pia. Skii mbaya zilikuwa mbaya miguuni mwa kila mmoja. Tulipima Ijumaa kutwa na Jumamosi kutwa, na Dagrun akawa anaita namba na kupima umbali kwa fimbo akipiga mluzi. Tulitenda haki, nasema hivyo kwa kiburi. Kama ulinunua skii mwaka ule kwa kulitegemea gazeti, hukutupa fedha.

Jozi ya mwisho ilikuwa namba tisa. Jua lilikuwa limeanza kushuka na theluji ya juu kulainika, na kule chini Dagrun alionekana mdogo kama kigingi. Mimi nilivaa namba tisa, yeye akavaa zile za kulinganishia, jozi tuliyopimia nyingine zote. Akavua glavu ya kulia. Nikavua ya kushoto. Mkono wake ulikuwa na joto, na harufu ya siagi ya vafla za asubuhi ile.

Tukaanza kushuka. Kilima kilituvuta kwa utaratibu wake ule ninaoujua mpaka usingizini, kwanza polepole, halafu lile bonde dogo linalokupa mwendo, halafu kishindo cha upepo masikioni. Kitambaa chekundu kilikuja. Niliuandaa mkono wangu uachie.

Kitambaa kikapita.

Nilisubiri. Mkono wake haukunikaza wala haukulegea, ulikuwa pale tu, kama kitu kilichowekwa mahali pake. Ningeweza kuachia mwenyewe, hakuna aliyenizuia. Lakini neno lilikuwa lake, tulipatana, na mimi nilikuwa mwalimu, nafuata kanuni.

"Achianeni!" Dagrun akapaza sauti kutoka chini. "Achianeni nyie!"

Alipaza mara ya pili. Halafu nikamwona akiishusha mikono. Tulimpita tumeinama, wawili tumeshikana, tukavuka mahali pa kupimia, tukavuka alama zake zote, tambarare ikatupokea, mwendo ukapungua, ukapungua, mpaka ncha za skii zetu zikaugusa ua wa kondoo na tukasimama. Hakuna aliyenyooka haraka. Kondoo walitutazama kwa mara ya pili wiki ile.

Torleiv alizitazama skii za miguuni mwangu.

"Hizi," alisema, "sijui."

"Hata mimi sijui."

Dagrun alikuja kwa hatua fupifupi, anahema, fimbo ya kupimia mkononi.

"Mtarudia?"

Torleiv alifikiri, kwa uaminifu uleule aliofikiria vibua na mkate.

"Tukirudia," alisema, "itakuwa vilevile."

Oktoba gazeti lilipotoka, jozi zote zilikuwa na sifa zake, jinsi zinavyoteleza, jinsi zinavyoshika mlimani, zinamfaa nani. Chini ya namba tisa Dagrun aliandika kwamba jozi hii haikupimwa kuteleza, kwa sababu zisizohusu skii zenyewe. Hakuandika zaidi, na alipoulizwa na wenye kiwanda aliwaambia waje waulize kilima. Mimi nilikwenda kwa Oddny nikaagiza jozi hiyohiyo. Akaniuliza kama nimesoma gazeti. Nikamwambia nimelisoma, ndiyo maana.

Siku hizi Lauvåsen kuna mitambo yenye miali ya mwanga. Skii moja, mtu mmoja, mashine inahesabu, hakuna anayemgusa mwenzake. Nasikia majibu ni sahihi zaidi, na sina sababu ya kubisha. Skii namba tisa ziko ukutani hapa jikoni Brenna, juu ya kiti kilichokuwa cha bibi Petra na sasa ni changu. Torleiv amenenepa. Vafla ya kwanza bado anaiunguza, na anaila yeye.

Majira ya baridi njia ya kwenda kwenye sanduku la barua inaganda, na ina kiteremko kidogo ambacho kwa umri wetu ni kilima cha kutosha. Tukifika pale juu yeye anavua glavu ya kulia na kuitia mfukoni, nami navua ya kushoto. Kanuni haijabadilika, neno ni lake. Mpaka leo hajalisema.